Kuchagua mto au kijito cha kwenda kuvua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaotaka kuvua kwa ndoana kwenye mito na vijito vilivyo karibu nao. Ziwa na bahari vina hesabu zake, havimo humu. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Kuanza

1. Sijui hata mto mmoja wenye samaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye maji unayoyavuka kila wiki bila kuyatazama. Kuna kijito kinachopita chini ya barabara, kuna mto unaouona dirishani ukiwa safarini. Andika mitatu au minne ya namna hiyo, kisha uende kwa kila mmoja kwa miguu, mikono mitupu. Ndiyo, bila mshipi. Mwenye ndoana mkononi huangalia mahali pa kuitupa tu. Asiye nayo huuona mto.

Kaa nusu saa mahali pamoja bila kutingishika. Angalia viduara vinavyotanuka juu ya maji hali hakuna mvua, kivuli kinachohama, samaki wadogo wanaotawanyika ghafla kana kwamba wamekemewa. Angalia ndege pia. Mdiria hakai wiki nzima kwenye tawi lililo juu ya maji matupu.

Wenyeji waulize, lakini usiwaulize kama mto una samaki. Utajibiwa ndiyo, kwa adabu tu. Uliza mara ya mwisho walimwona samaki lini, wa namna gani, na alitolewa upande gani wa mto. Anayejua atakuonyesha kwa kidole.

2. Kwa anayeanza, kipi bora: mto mkubwa au kijito?

Kijito kinasomeka chote kwa macho, na hilo ni jambo kubwa. Utaona kilindi, utaona jiwe, utaona samaki anavyotoroka kwa sababu kivuli chako kimemfikia kabla ya chambo. Hapo ndipo ugumu wake: maji ni machache, samaki ni waoga, na kosa moja linawatimua wote. Mto mkubwa haujali kishindo chako, lakini unaficha kila kitu. Unaweza kutupa ndoana siku nzima mahali ambapo hakujawahi kuwa na samaki.

Ushauri wangu ni wa katikati: mto ambao ukirusha jiwe linafika ng'ambo bila kujikaza. Wataalamu wa mito wana namna ya kuuelezea ukubwa huo kwa namba, nayo inaitwa kwa jina la Mmarekani Arthur Strahler. Kijito kisichopokea kingine ni daraja la 1. Viwili vya daraja la 1 vikikutana, kinachotoka hapo ni daraja la 2. Viwili vya daraja la 2 vinazaa la 3, na kuendelea. Kijito cha daraja la 1 kikiingia kwenye mto wa daraja la 3, mto unabaki la 3. Amazon hufikia daraja la 12. Kwa siku zako za kwanza tafuta la 3 au la 4. Unaweza kuhesabu mwenyewe kwenye ramani kwa kalamu.

3. Nitajuaje kama kijito kina uhai kabla sijapoteza siku nzima?

Geuza mawe. Chagua mahali maji yanapopita kwa kasi juu ya kokoto, inua jiwe lenye ukubwa wa kiganja, na utazame upande wake wa chini. Kijito kizima kina wadudu wachanga walionata pale: wengine bapa, wenye mikia miwili au mitatu myembamba kama nywele, wengine wamejijengea kifuko cha mchanga na vijiti na kujifungia ndani. Hao wanahitaji maji safi yenye hewa nyingi, na wengi wao ni chakula cha samaki. Ukiwapata wa aina nne au tano chini ya mawe matatu, rudi siku nyingine na ndoana.

Ukikuta vijinyoo vyekundu tupu na utelezi wa kijivu, hapo pana shida. Wekundu wao unatokana na himoglobini, ya jamii moja na ile iliyomo kwenye damu yetu, nayo huwawezesha kuishi pasipo na hewa ya kutosha. Kuwaona wachache matopeni si kitu. Kuwaona wao peke yao, hapo ndipo pa kujiuliza nini kinaingia mtoni huko juu.

Rudisha jiwe lilivyokuwa. Ile ni nyumba ya mtu.

4. Nimesikia sifa za mto ulio mbali sana. Si bora niende huko?

Nenda mara moja, ufurahi. Ila mto wa mbali utauona siku moja ya mwaka, na siku hiyo huenda umechafuka au umepwaya. Ulio karibu unaweza kuupitia jioni, ukajua unavyokaa mvua ikinyesha na unavyokaa jua likiwaka, gogo lipi limesombwa na lipi limekwama. Nikiwekewa mto wa sifa nisioujua na kijito cha kawaida nilichokitembelea mara ishirini, mimi nachagua kijito.

## Ramani na picha

5. Ramani inaweza kuniambia nini kuhusu samaki?

Mengi, kama ina mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Kontua zikikaribiana pale zinapovuka mto, mteremko ni mkali: tarajia maporomoko, mawe makubwa, maji baridi yenye hewa. Zikiachana, mto unatembea polepole na kujipindapinda, sakafu yake ni mchanga au tope. Hesabu ni rahisi. Kama kontua zimepishana mita 20 kila moja na mto unavuka mbili ndani ya kilomita 2, umeshuka mita 20 kwenye urefu huo, yaani mita 10 kwa kila kilomita. Huo ni mto unaokimbia. Ukishuka mita 1 kwa kilomita ni mto mpole. Ukisahau maji yanaelekea wapi, kumbuka kwamba kontua zikivuka mto hufanya ncha, na ncha hiyo inaelekeza juu, maji yanakotoka.

Mahali ninapopatafuta mimi kabla ya pengine popote ni pale mteremko mkali unapoishia na tambarare kuanza. Maji yanafika yamejaa hewa na chakula kilichosombwa, halafu ghafla yanapunguza mwendo. Samaki hana haja ya kwenda mbali zaidi. Pa pili ni mdomo wa tawimto, hasa tawimto linalotoka msituni.

Piga mstari pia kwenye njia ya kufikia mto. Mahali pazuri palipo kilomita tatu kutoka barabarani hupata wavuvi wachache kuliko palipo mita mia, na samaki wa huko bado hawajajifunza.

6. Picha za setilaiti je?

Ni nzuri kwa kuona misitu ya kingoni, mashamba yaliyofika hadi majini, na sehemu nyeupe ambako maji yanavunjika juu ya mawe. Sehemu nyeusi kati ya mbili nyeupe mara nyingi ni kilindi.

Mara nyingi, nasema. Nimewahi kutembea saa mbili jua kali kuelekea kilindi kikubwa cheusi nilichokiona kwenye picha. Kilikuwa kivuli cha miti, juu ya mchanga mkavu. Picha ilipigwa miaka kadhaa nyuma, na sikuwa nimeangalia tarehe. Sasa naangalia tarehe, na programu ikiruhusu natazama picha za misimu miwili tofauti za mahali pale pale. Mto unaoonekana kwenye picha ya kiangazi ndio wa kuandika kwenye orodha.

7. Kwa nini wavuvi wengi huanzia kwenye madaraja?

Kwa sababu ya kivuli, kwa sababu nguzo zinachimba mashimo upande wa chini yake, na kwa sababu pana mahali pa kusimama. Vile vile ni mahali pazuri pa kuutazama mto ukiwa juu. Lakini samaki wa darajani wameona kila aina ya chambo. Tumia daraja kama mlango: ingia hapo, kisha tembea dakika ishirini kwenda juu kabla ya kufungua mkoba.

## Maji yenyewe

8. Nimefika. Samaki wanakaa sehemu gani ya mto?

Samaki wa mtoni anatafuta vitu vitatu kwa pamoja: chakula kimfuate, asichoke, na asionekane. Popote vitu hivyo vitatu vinapokutana, weka chambo hapo.

Chakula kinaletwa na mkondo wa kasi, lakini kukaa ndani ya mkondo huo kunamaliza nguvu. Kwa hiyo yeye anakaa pembeni yake, kwenye mstari ambapo maji ya kasi yanasuguana na maji ya polepole. Mstari huo unaonekana kwa macho: povu na majani hujipanga juu yake. Ukiwa hujui pa kutupa, tupa kwenye povu.

Jiwe kubwa lina sehemu mbili za kupumzikia. Wengi wanajua ya nyuma, ambako maji yanajizungusha. Wachache wanajua ya mbele, ambako maji yanayogonga jiwe yanafanya kama mto wa kulalia, na samaki mkubwa hupenda kukaa hapo kwa kuwa ndiye wa kwanza kukiona chakula.

Mto ukipinda, maji ya kasi yanasukumwa upande wa nje wa kona, yanaichimba kingo na kufanya kina. Upande wa ndani mchanga unatua na kuwa ufuko. Simama ufukoni, vua ng'ambo. Kingo iliyochimbwa kwa chini huku mizizi inaning'inia ni nyumba bora kuliko zote, na ndiyo inayomeza ndoana kuliko zote. Nenda na za akiba.

Jambo moja ambalo wengi hulichukua kimakosa: maji ya juu yakikimbia haimaanishi ya chini yanakimbia vile vile. Msuguano wa sakafu unayapunguza mwendo, hasa penye mawe. Samaki anaweza kuwa ametulia kabisa chini ya maji yanayokutisha wewe. Chambo kikielea juu hakionwi. Ongeza chubwi hadi uhisi kinagusagusa chini.

9. Joto la maji lina uzito gani katika kuchagua mto?

Lina uzito kuliko kitu kingine chochote ukiniuliza mimi, na kipimajoto ni kifaa kidogo kisicho na kelele. Maji yakipata joto yanashindwa kubeba hewa. Yakiwa nyuzi 0 za Selsiasi, usawa wa bahari, lita moja hubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni. Kwa nyuzi 20 ni kama 9. Kwa nyuzi 30 ni kama 7.5. Wakati huo huo mwili wa samaki, ukiwa hauna joto lake wenyewe, unafanya kazi haraka zaidi na kudai oksijeni zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka.

Kila aina ina kiwango chake. Trauti hufurahia maji ya kati ya nyuzi 10 na 18 hivi. Yakivuka 20 anaanza kuteseka, na hata ukimrudisha majini anaweza kufa baadaye. Sato ni kinyume: maji yakishuka hadi karibu 16 anaacha kula, na raha yake ni juu ya 25. Kambare ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa ya juu, ndiyo maana utampata kwenye matope ambako wenzake wameshakufa. Kwa hiyo swali la mto gani haliwezi kujibiwa kabla ya swali la samaki gani.

Pima kivulini, mbali kidogo na ukingo, kipimajoto kikiwa ndani ya maji kwa dakika mbili. Pima asubuhi na alasiri. Kijito kisicho na miti hubadilika sana kati ya nyakati hizo mbili. Chenye miti au kinachotoka kwenye chemchemi hubaki karibu pale pale.

10. Maji ni ya kahawia. Nirudi nyumbani?

Kwanza, kahawia ipi? Maji yenye rangi ya chai kavu, yanayopitisha mwanga ukiyatia kwenye glasi, si machafu. Yamepakwa rangi na majani yanayooza huko juu, na samaki wake wanaishi vizuri. Kahawia ya maziwa, isiyopitisha mwanga, ni tope. Kijani kibichi kinachokaa juu kama rangi ya mafuta ni swali la 19. Kijivu chenye harufu, ondoka.

Kwa tope, kipimo changu ni vidole vya mguu. Pale panapoingilika salama, ingia hadi magotini. Ukiviona vidole, vua kama kawaida. Wanasayansi wana chombo cha kazi hiyo, kisahani kinachoshushwa kwa kamba hadi kisionekane, kinachoitwa kwa jina la padri Angelo Secchi wa Italia aliyekitumia mwaka 1865. Mfuniko mweupe wa ndoo na kamba yenye mafundo vinatosha.

Usipoviona vidole, badilisha samaki badala ya kubadilisha siku. Kambare anatafuta kwa sharubu na kwa harufu, na tope linampa ujasiri wa kusogea ukingoni. Anayewinda kwa macho ndiye mwache apumzike.

11. Mvua imenyesha jana. Nisubiri siku ngapi?

Inategemea ukubwa wa mto. Kijito cha juu, kinachotoka msituni, huchafuka na kutakata ndani ya siku moja au chini ya hapo. Mto mkubwa unaopita mashambani unaweza kubeba tope kwa siku nyingi baada ya mvua kusahaulika. Mto unaotoka ziwani hubaki mweupe muda mrefu kwa sababu ziwa limeshalitega tope. Ndiyo maana napenda orodha iwe na mmoja wa kila aina. Mvua ikinyesha hubadilishi siku, unabadilisha mto.

Chomeka kijiti pale maji yanapoishia, urudi kukitazama baada ya nusu saa. Maji yakiwa yanapungua, hata kama bado yana rangi, samaki wanaanza kula. Yakiwa yanapanda, panda na wewe: toka bondeni, na usome swali la 16.

12. Kiangazi mto wangu unabaki vidimbwi. Nivue?

Kwenye mkondo unaotembea, ndiyo: alfajiri, kivulini, karibu na chemchemi au mdomo wa tawimto la baridi. Kwenye vidimbwi vilivyojitenga, mimi sivui. Samaki wa pale wamefungiwa, utawatoa wote kwa asubuhi moja, na wao ndio mbegu ya msimu ujao. Kuna watakaokuambia watakufa tu maji yakiisha. Baadhi watakufa kweli. Kama sheria za kwenu zinaruhusu kuwavua hapo, hesabu ya dhamiri ni yako.

13. Chini ya bwawa pana samaki wengi. Kuna ubaya gani?

Ni kweli wako wengi. Wanaopanda mto wanakwama pale, na wadogo wanaopita kwenye mitambo wanatoka wamezubaa na kuwa chakula rahisi. Ubaya ni kwamba maji yanaweza kufunguliwa wakati wowote, kwa ratiba ya umeme na si ya mvua, na mto ukapanda hali anga ni jeupe. Soma vibao, jua king'ora kinamaanisha nini, na usisimame kwenye jiwe ambalo njia yake ya kurudi inafunikwa kwanza. Kumbuka pia kwamba maji yanayotolewa chini ya bwawa lenye kina huwa baridi kuliko unavyotarajia, na wakati mwingine hayana hewa ya kutosha. Pima (swali la 9).

## Ruhusa na watu

14. Nahitaji leseni hata kwa kijito kidogo?

Usikadirie kwa ukubwa wa kijito. Muulize afisa uvuvi wa eneo, na umuulize mambo yote kwa mara moja: leseni, miezi ya kufungwa, kipimo cha samaki wa kuchukua, idadi kwa siku, vifaa na chambo vilivyokatazwa. Uliza pia kama sheria ni moja kwa mto mzima, kwani mto ule ule unaweza kuwa na masharti mawili, na mpaka ukawa daraja au makutano. Hifadhi za wanyama na za misitu zina ruhusa yake mbali na leseni ya uvuvi.

15. Mto unapita kwenye shamba la mtu. Maji si ya wote?

Haki ya kuvua na haki ya kukanyaga ni vitu viwili. Hata pale sheria inaposema maji ni ya umma, ukingo unaweza kuwa na mwenyewe. Piga hodi kabla hujaingia, si baada ya kukutwa. Mwenye shamba akikuruhusu, funga lango kama ulivyolikuta na umpitie kumuaga. Mara nyingi ndipo anapokuambia kilindi kizuri kiko wapi.

Ukikuta mvuvi mwingine ameshafika, muulize anaelekea juu au chini, kisha chukua upande wa pili. Kumpita na kuvua mbele yake kwenye kijito ni kumharibia siku nzima. Wanaochota maji wana haki kabla yako na yake, usiwatibulie.

## Usalama

16. Nitajuaje kama naweza kuvuka?

Kuna kanuni ya wapima mito wa Marekani: zidisha kina kwa kasi. Wao hutumia futi, na jibu likifika 10 hawaingii. Kwa mita jibu hilo ni kama 0.9. Tupa kijiti, hesabu sekunde kinazotumia kwenda mita 10, gawanya 10 kwa sekunde hizo. Kikitumia sekunde 10, kasi ni mita 1 kwa sekunde. Kina cha mita 0.9 hapo ni marufuku. Na hiyo ni kanuni ya wazoefu wenye vifaa. Mimi naishia 0.5, na peke yangu naishia magotini. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma inaongezeka mara nne, ndiyo maana mto uliopanda kidogo tu haufanani na wa jana.

Vuka kwa kuelekea chini kidogo, ukiwa na fimbo, mahali ambapo ukianguka utapelekwa kwenye maji mapole na si kwenye gogo. Matawi yaliyozama yanapitisha maji na kumnasa mtu.

Maji yakianza kubadilika rangi, yakileta majani mabichi na vijiti, au sauti yake ikawa nzito, mvua imenyesha huko juu hata kama kwako jua linawaka. Toka hapo hapo. Usirudi kuchukua mkoba.

17. Wanyama na magonjwa ya majini?

Mto wenye mamba au viboko hauchaguliwi kwa uvuvi wa kuingia majini, basi. Vua ukiwa mbali na ukingo, juu, mchana, na usisimame kwenye njia ya kiboko kati ya maji na malisho.

Kichocho huenezwa na minyoo inayolelewa na konokono wa maji baridi yaliyotulia, hasa penye majani. Vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Kijito cha kasi kina hatari ndogo kuliko dimbwi, na mabuti marefu ya mpira husaidia. Homa ya mgunda hutokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na hupitia kwenye michubuko, zaidi baada ya mafuriko. Ukipata homa wiki chache baada ya safari, mwambie daktari kwamba uliingia mtoni. Hatajua asipoambiwa.

18. Ngurumo zimesikika mbali. Niendelee kidogo?

Hapana. Fimbo nyingi za kuvulia za siku hizi zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme, nawe umeiinua katikati ya mahali pa wazi na penye maji. Ilaze, ondoka, usubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nyaya za umeme zinazovuka mto nazo zihesabu kabla ya kutupa.

## Hali za pembeni

19. Mto unapita mjini au karibu na machimbo. Samaki wake wanalika?

Kupika kunaua vijidudu, hakuondoi zebaki. Zebaki hupanda ngazi: mdogo anaichukua kidogo, anayemla anazikusanya za wote aliowala, kwa hiyo samaki mkubwa, mzee, mla wenzake ndiye mwenye nyingi. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotoka mikononi mwa binadamu, basi kama machimbo yako juu ya mto wako, vua na urudishe. Ule utando wa kijani kama rangi ni bakteria ambao wengine hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Kama lengo ni kula, tafuta sehemu iliyo juu ya mji, siyo chini yake.

20. Naweza kuvua mito miwili siku moja?

Unaweza, ukisafisha katikati. Mwaka 2004 mwani uitwao didymo, ambao asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia, uligunduliwa kwenye mto wa New Zealand. Tone moja la maji linatosha kuuhamisha. Toa majani na tope kwenye viatu na nyavu, osha, kausha. Kitu chenye sponji kinaweza kuonekana kikavu nje na kuwa na maji ndani. Ushauri wa huko ni kusubiri saa 48 baada ya kukauka. Kama huna muda huo, nenda na viatu viwili. Chambo hai kisihamishwe mto.

21. Nina mtoto. Nimpeleke wapi?

Penye ufuko wa mchanga, maji ya magotini yake, na samaki wadogo wengi. Ukubwa wa samaki usikushughulishe. Mtoto anataka kiboya kizame. Panga saa mbili, na saa ya pili mwachie mawe ya swali la 3.

22. Nimekwenda mara tatu sijapata hata mmoja. Nibadilishe mto?

Bado. Badilisha saa kwanza: ulikwenda adhuhuri mara zote tatu? Kisha badilisha mahali pa kusimama, ndani ya mto ule ule, kwa kufuata swali la 8. Kisha kina cha chambo, kisha chambo chenyewe. Kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Andika joto, rangi ya maji na saa. Mistari mitatu inatosha. Ikifika mara ya tano bila hata kudonolewa, na mawe nayo ni matupu, vuka uende mto wa pili kwenye orodha yako.